Karatasi Imesainiwa, Lakini Kila Mmoja Alitoa Nini?

Mtu akidhulumiwa katika makubaliano, kitu cha kwanza anachokimbilia ni karatasi. Ina saini mbili, majina ya mashahidi, muhuri wa mwenyekiti wa mtaa, pengine na picha za pasipoti zilizobandikwa kwa gundi. Anaiweka mezani kwa wakili kama aliyekwisha kushinda kesi. Wakili anaisoma, anaigeuza nyuma, kisha anauliza: na wewe ulitoa nini hata akuahidi hiki? Jibu likiwa "sikutoa kitu, yeye mwenyewe alijitolea", mteja huyo ana tatizo ambalo muhuri hauwezi kulitibu.

Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inayotumika Tanzania Bara, kinataja mambo ambayo yakikutana makubaliano huwa mkataba: watu wenye uwezo kisheria wa kufunga mkataba, ridhaa yao ya hiari, malipo halali, na lengo halali. Karatasi haimo, isipokuwa pale sheria nyingine inapoidai. Ardhi ndiyo mfano mkubwa, kwani kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi kinataka mauziano yawe kwa maandishi. Lakini malipo yamo. Ndiyo sababu mapatano ya mdomo ya kuuziana magunia 10 ya mahindi yanaweza kusimama mahakamani, wakati hati iliyochapwa kwa kompyuta ya kumwahidi mtu pikipiki ya bure ikaanguka.

Kwa maoni yangu hili ndilo jambo linaloeleweka vibaya kuliko yote katika mikataba yetu ya kila siku. Hapa chini ni maswali ambayo watu huuliza mara kwa mara.

Malipo ni lazima yawe pesa?

Hapana. Kifungu cha 2 kinayaeleza kwa upana: ni jambo lolote ambalo mtu amelifanya au ameacha kulifanya, analifanya au anaacha kulifanya, au anaahidi kulifanya au kuacha kulifanya, kwa matakwa ya yule aliyetoa ahadi. Kwa hiyo kazi ni malipo, bidhaa ni malipo, na hata ahadi ni malipo ya ahadi nyingine. Ukikubaliana leo na mwenye lori akubebee matofali Jumamosi, nawe umlipe akishayashusha, hakuna hata shilingi iliyotoka mfukoni lakini mkataba umeshafungwa. Yeye ametoa ahadi, wewe umetoa ahadi.

Kuacha jambo nako kunahesabika. Mahakama ya New York, Marekani, mwaka 1891 iliamua kesi ya kijana aliyeahidiwa na ami yake dola 5,000 iwapo angejizuia pombe, tumbaku, na kucheza karata na biliadi kwa fedha mpaka atimize miaka 21. Kijana akajizuia. Wasimamizi wa mirathi ya ami wakadai hakumpa marehemu chochote, tena alifaidi afya yake mwenyewe. Mahakama ikasema aliachia uhuru aliokuwa nao kisheria, na hayo ni malipo ya kutosha.

Maneno "kwa matakwa ya yule aliyetoa ahadi" yana uzito wake. Sheria yetu ilichotwa kwenye Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo Waingereza waliitumia Tanganyika hadi ilipotungwa ya hapa mwaka 1961, kwa hiyo hukumu za India bado zinatusaidia kuisoma. Katika kesi ya Durga Prasad dhidi ya Baldeo, ya 1880, mtu alijenga maduka ya soko kwa agizo la mkuu wa serikali wa wilaya. Wafanyabiashara walioingia humo wakamwahidi kamisheni ya mauzo, kisha hawakulipa. Alishindwa. Gharama alizitumia kweli, ila hakuzitumia kwa sababu wao walimwomba.

Je, malipo yanaweza kutoka kwa mtu mwingine?

Tanzania, ndiyo, kwa sababu kifungu chenyewe kinasema "aliyeahidiwa au mtu mwingine yeyote". Mama akimpa binti yake nyumba kwa makubaliano kwamba binti atamlipa mjomba kiasi fulani kila mwaka, mjomba anaweza kumdai binti ingawa yeye mwenyewe hakutoa kitu. Kesi inayofanana na hiyo iliamuliwa Madras mwaka 1882. Sheria ya Uingereza, ambayo ndiyo msingi wa mikataba nchini Kenya, ina msimamo tofauti: kwa kanuni yake ya asili, anayedai lazima malipo yawe yametoka kwake.

Nimeahidi mchango wa harusi. Kamati inaweza kunipeleka mahakamani?

Waswahili tunasema ahadi ni deni, na katika kundi la WhatsApp la kamati ya harusi usemi huo hutumika kama silaha. Mtu kaandika "200,000" mbele ya jina lake, siku zinakaribia, mweka hazina anamkumbusha asubuhi na jioni. Kisheria, mwanzo wa jibu ni kifungu cha 25: makubaliano yasiyo na malipo ni batili. Aliyeahidi mchango hakuahidiwa kitu. Pilau na soda za ukumbini hazikuwa bei ya mchango wake. Zile ni ukarimu.

Hata hivyo jibu halikomi hapo. Mwaka 1886 Mahakama Kuu ya Calcutta iliamua kesi ya ukumbi wa mji wa Howrah, Kedarnath Bhattacharji dhidi ya Gorie Mahomed. Watu waliandikisha michango ya kujenga ukumbi, na bwana mmoja akaandikisha rupia 100. Waliokuwa wakisimamia, kwa kutegemea orodha ile, wakafunga mkataba na mkandarasi. Yule bwana akakataa kulipa. Mahakama ikamwamuru alipe: alijua fedha zinakwenda kwenye ujenzi, alijua wasimamizi watajifunga kwa mkandarasi kwa kutegemea saini yake, na kwa kuandikisha jina ni kama aliwaomba wafanye hivyo. Kujifunga kwao kwa mkandarasi kulikuwa ndiyo malipo.

Sasa chukua mantiki hiyo uilete kwetu. Muumini anaahidi milioni 5 za kuezeka msikiti au kanisa, ahadi inaandikwa, viongozi wanaagiza mabati na kumlipa fundi arubuni kwa kutegemea ahadi hiyo. Hapo ipo hoja nzito ya kumdai. Lakini kama mabati hayajaagizwa, fundi hajaitwa, na fedha zilikuwa zinakusanywa tu, anayedai hana pa kushika.

Kwa harusi mambo ni magumu zaidi hata pale ukumbi ulipokwisha kulipiwa, kwa sababu mahakama huuliza pia iwapo wahusika walikusudia kabisa kufungana kisheria. Mwaka 1919 mahakama ya rufani ya Uingereza, katika kesi ya Balfour, ilikataa kumlazimisha mume kutimiza ahadi ya posho ya kila mwezi kwa mkewe, ikisema mapatano ya namna hiyo ya nyumbani hayakukusudiwa kufika mahakamani. Mchango wa shangazi kwenye send-off ya mpwa wake uko karibu sana na hayo. Mimi nisingemshauri mweka hazina apoteze nauli. Aibu ya mtaani itamdai vizuri zaidi.

Na kwa kuwa tumegusa ndoa: mahari si malipo ya mkataba kwa maana tunayoizungumzia. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi kwamba ndoa iliyotimiza masharti mengine ya sheria hiyo haibatiliki kwa sababu mila ya mahari haikufuatwa.

Zawadi nazo zinahitaji malipo?

Zawadi iliyokwisha kutolewa na kupokelewa haiguswi na kifungu cha 25. Aliyekupa ng'ombe mwaka jana hawezi kurudi leo akisema "hukunilipa kitu, nirudishie". Linaloanguka ni ahadi ya zawadi, yaani lile neno la "nitakupa" ambalo halijatimia.

Upo mlango mmoja wa familia. Ahadi isiyo na malipo inaweza kufunga kama imeandikwa, imesajiliwa chini ya sheria ya usajili wa nyaraka, na imetolewa kwa upendo wa asili kati ya ndugu wa karibu. Yote matatu kwa pamoja. Wengi hujikwaa kwenye usajili: muhuri wa serikali ya mtaa si usajili, na saini ya wakili au hakimu anayeshuhudia kiapo si usajili. Wengine hujikwaa kwenye upendo wenyewe. Kule Calcutta mwaka 1900, mume aliyekuwa akigombana na mkewe alisaini hati iliyosajiliwa ya kumpa makazi na fedha za matunzo waishi mbalimbali. Hati ilipofika mahakamani ilitaja ugomvi wao waziwazi. Mahakama ikauliza upendo uko wapi, na mke akakosa.

Je, malipo madogo mno yanaharibu mkataba?

Kwa yenyewe, hapana. Mfano uliowekwa ndani ya sheria ya India ni wa farasi wa rupia 1,000 anayeuzwa kwa rupia 10: kama muuzaji aliridhia kwa hiari, mkataba ni mkataba. Uingereza mwaka 1960 kampuni ya Nestlé ilikuwa ikitoa sahani za muziki kwa yeyote anayeleta fedha kidogo pamoja na karatasi tatu za kufungia chokoleti. Karatasi zenyewe zikifika zilitupwa. Majaji walio wengi walisema ni sehemu ya malipo hata hivyo, kwa sababu kampuni ndiyo iliyozitaka.

Mahakama haifanyi kazi ya dalali. Haikai kupima kama kiwanja chako kilistahili milioni 12 ukakitoa kwa 9. Ulijua, ulitaka, umeuza.

Lakini kifungu cha 25 kina maelezo ya nyongeza ambayo kila familia yenye shamba inapaswa kuyajua: udogo wa malipo unaweza kuangaliwa na mahakama inapoamua kama ridhaa ilikuwa ya hiari. Hapo bei ya kutupa inageuka ushahidi. Mjane mzee asiyejua kusoma, amelazwa, anatunzwa na mpwa ambaye ndiye mnunuzi, na shamba la milioni 40 limeandikwa limeuzwa kwa milioni 2. Bei peke yake haitaubatilisha mkataba huo. Bei pamoja na kitanda cha hospitali, na pamoja na kwamba mnunuzi ndiye aliyeshika dawa na chakula chake, inaleta hoja ya kifungu cha 16 kuhusu mtu kutumia nafasi aliyonayo juu ya mwenzake kujipatia faida isiyo ya haki. Anayetaka kupinga mauziano ya namna hiyo asibabaike na bei tu. Akusanye habari za siku yenyewe: nani alikuwepo, nani aliandika, nani alimsomea, fedha zilihesabiwa mbele ya nani.

Jirani alizima moto dukani kwangu, nikamwahidi laki 5. Sasa naona ni nyingi. Nimefungwa?

Inategemea duka liko upande gani wa Namanga.

Upande wa Kenya, Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inaelekeza mahakama kwenye kanuni za mahakama za Uingereza, na huko jambo lililokwisha kufanyika kabla ya ahadi si malipo ya ahadi hiyo. Jirani alizima moto kwa wema, ahadi ikaja baadaye, basi ahadi ni shukrani. Lingekuwa jambo jingine kama wewe ndiye uliyemwita azime, na nyote mlielewa tangu mwanzo kwamba kuna kulipwa.

Upande wa Tanzania, kifungu cha 25 kinataja waziwazi ahadi ya kumfidia mtu ambaye kwa hiari yake amekwisha kumfanyia aliyeahidi jambo, au aliyemtekelezea jambo ambalo sheria ingemlazimisha mwenyewe kulitekeleza. Ahadi ya namna hiyo inafunga. Kwa hiyo aliyeokota pochi yako na kukurudishia, ukamwahidi elfu 50, anaweza kukudai. Vivyo hivyo bibi aliyemlea mtoto wako mdogo ulipokuwa machimboni, ukarudi ukaahidi kumrudishia gharama. Hapa naona sheria yetu imekaa karibu na utu kuliko ile ya London.

Mdai wangu amekubali nusu, akasema nyingine amesamehe. Anaweza kugeuka?

Kanuni ya Uingereza ilimruhusu kugeuka, na ilifanya hivyo katika kesi maarufu ya 1884. Dokta Foakes alikuwa akidaiwa na Bibi Beer zaidi ya pauni 2,090 kwa hukumu ya mahakama. Wakaandikiana kwamba akilipa kwa awamu, bibi hatachukua hatua nyingine. Dokta akalipa mpaka senti ya mwisho. Bibi akarudi kudai riba. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ikampa, kwa sababu dokta hakutoa chochote cha ziada ili asamehewe riba. Alilipa deni ambalo ni wajibu wake tangu zamani. Baadaye, hasa kuanzia hukumu ya 1946 ya jengo la High Trees, majaji walipunguza makali hayo kwa kumzuia mtu kuikana ahadi ambayo mwenzake ameitegemea.

Sura ya 345 haikutaka safari ndefu hivyo. Kifungu cha 63 kinamruhusu aliyeahidiwa kusamehe utekelezaji wote au sehemu yake, kuongeza muda, au kupokea kitu kingine badala yake. Akikusamehe kwa hiari, amesamehe. Wewe chukua maandishi yake tu, kwani ubishi mahakamani hautakuwa juu ya sheria, utakuwa juu ya kama kweli alisema.

Fundi amefika kwenye linta, anataka nyongeza la sivyo anaondoka

Swali linalokuja ni kama ukikubali hiyo nyongeza kwa kubanwa, umefungwa. Kanuni ya zamani inatoka kwenye meli. Mwaka 1809, katika kesi ya Stilk dhidi ya Myrick, mabaharia wawili walitoroka safarini, nahodha akawaahidi waliobaki wagawane mishahara ya waliotoroka. Walipofika London hawakulipwa, na mahakama ikasema walifanya kazi ileile waliyokwisha kuajiriwa kuifanya. Hakuna kipya walichotoa.

Mwaka 1989 mahakama ya rufani ya Uingereza ililegeza kidogo. Seremala aliyekubali kukarabati fleti 27 kwa pauni 20,000 alizidiwa, na mkandarasi mkuu mwenyewe akamfuata na kumwahidi pauni 10,300 zaidi ili amalize kwa wakati. Mahakama ilisema mkandarasi alipata manufaa halisi, maana aliepuka faini ya kuchelewa, na hakukuwa na kutishana. Hukumu hizi haziwafungi majaji wetu, lakini mawakili huzitaja na majaji huzisikiliza. Kwa fundi wa linta, tofauti ni nani alimfuata nani, na kwa maneno gani. Saruji ikipanda bei mkakaa mkakubaliana upya, na yeye akaongeza kazi ambayo haikuwepo, nyongeza ina malipo. Akikunja misumeno na kusema "leo hii au naondoka", nyongeza hiyo ni ya kulazimishwa, na ridhaa ya kulazimishwa si ridhaa.

Malipo yapo, lakini ni ya jambo haramu

Hapa hakuna mjadala mrefu. Kifungu cha 23 kinabatilisha makubaliano ambayo malipo au lengo lake limekatazwa na sheria, linakwepa sheria, ni la udanganyifu, linadhuru mtu au mali, au mahakama inaliona kinyume cha maadili au maslahi ya umma. Uliyempa mtu milioni 3 "akutafutie kazi" serikalini kwa njia ya uani hukununua kitu ambacho mahakama itakusaidia kukipata. Kumlipa mlalamikaji wa wizi wa kutumia nguvu ili aifute kesi ya jinai ni hivyohivyo. Na wale wanaoandika bei mbili za nyumba, moja ya mamlaka ya kodi na nyingine ya kweli, wanaingiza dosari ya kifungu hicho katika mauziano yao wenyewe.

Iwapo makubaliano yaligunduliwa baadaye kuwa batili bila nyinyi kujua, kifungu cha 65 kinamtaka aliyepokea manufaa ayarudishe au afidie. Aliyejua tangu mwanzo kwamba anafanya haramu asitegemee ukarimu huo.

Deni la zamani lililopitwa na muda

Mdaiwa akiandika na kusaini ahadi mpya ya kulilipa, lote au sehemu, ahadi hiyo inafunga bila malipo mapya. Ujumbe wa mdomo hautoshi.

Kwa wasomaji wa Zanzibar: nyinyi mna sheria yenu ya mikataba, Sura ya 149. Yaliyoandikwa hapa kwa vifungu vya Bara yapelekeni kwa mwanasheria wa kwenu kabla ya kuyategemea.

Kabla ya kusaini, hakikisha karatasi ina sentensi mbili za wazi: huyu anatoa nini, na yule anatoa nini, kwa kiasi na tarehe. Usiandike "tumekubaliana kusaidiana". Asiyemudu wakili awaone wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huduma yao ni bure. Wala usikae na karatasi yako kabatini ukisubiri mwenzako aingiwe na huruma, kwa sababu Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inatoa miaka 6 ya kufungua madai ya mkataba, nayo huhesabiwa tangu haki yako ya kudai ilipozaliwa.